Anayekwangua namba anamnyima nani?

Ndugu msikilizaji, Waswahili husema asante ya punda ni mateke. Umemlisha, umemnywesha, umemtua mzigo, naye anakulipa kwa kwato. Leo nataka tuzungumze juu ya shukrani, lakini si ile ya harusini ambapo mshereheshaji huorodhesha majina mpaka pilau linapoa. Nazungumzia shukrani kwa mtu aliyekupa elimu yake bila kukudai hata senti moja, mtu ambaye hukumwona kamwe, na ambaye pengine alifariki kabla wewe hujazaliwa.

Mfano nitakaoutumia ni wa watu wanaojitengenezea vyombo vya muziki majumbani mwao. Kila mji una watu wa namna hiyo. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni karani, mwingine ni dereva. Akitoka kazini na akishakula chakula cha jioni, anasafisha meza, anawasha pasi ya solda, kisha anaanza kuunganisha transista na rezista mpaka mkewe anamwita kulala mara ya tatu. Hana duka, wala hauzi anachokitengeneza. Anachotaka ni kusikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe likilia sebuleni kwake kwa uwazi, kama vile mpigaji amekaa kwenye kochi la pili.

Huenda ukasema huo ni mchezo wa watu wazima. Sawa, ni mchezo. Lakini katika mchezo huo kuna somo kubwa kuhusu namna elimu inavyokua na namna inavyokufa, na somo hilo linatuhusu sisi sote tunaompelekea fundi redio, pampu au friji.

Tuanze na amplifaya. Kazi ya amplifaya ni kuchukua umeme dhaifu wa sauti, unaotoka kwenye santuri, kaseti au simu, na kuukuza mpaka uweze kusukuma spika. Kukuza peke yake si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kukuza bila kuongeza wala kupunguza kitu. Kifaa kinachokuza sauti kina tabia ya kuipotosha kidogo, na ndiyo maana amplifaya mbovu hukwaruza masikio hata kama nguvu yake ni kubwa.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana tarehe 2 Agosti, 1927, ndani ya kivuko. Mhandisi Mmarekani aliyeitwa Harold Black, wa maabara za simu za Bell, alikuwa akivuka Mto Hudson kwenda kazini mjini New York. Kwa miaka kadhaa alikuwa akihangaika na simu za masafa marefu, ambazo sauti yake ilizidi kuharibika kila ilipopita kwenye kituo cha kukuzia. Katika kivuko hicho wazo likamjia ghafla, na kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa amelishika. Gazeti lenyewe lilikuwa The New York Times. Kwa hiyo wewe unayeyasoma haya gazetini, usiliharakishe gazeti lako kufungia vitumbua.

Wazo la Black lilikuwa hivi. Mama anayepika mchuzi hangoji wageni wamwambie kwamba chumvi imezidi. Anaonja mwenyewe, analinganisha na ladha anayoitaka, halafu anarekebisha. Black alisema amplifaya nayo ionje mchuzi wake. Sehemu ndogo ya umeme unaotoka irudishwe nyuma, ilinganishwe na ule ulioingia, na tofauti itakayoonekana itumike kusahihisha kosa hapo hapo. Gharama yake ni kwamba amplifaya inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kukuza. Wataalamu wa wakati huo waliona ni kichekesho kutupa kile ulichokigharimia. Maombi yake ya hataza, yaani hati ya kumlinda mgunduzi, yaliwasilishwa mwaka 1928 na hayakukubaliwa mpaka mwaka 1937.

Sasa wazo lipo, lakini mtu wa kawaida nyumbani angelitumiaje? Hapo ndipo anapoingia kijana mmoja kutoka Uskochi, D. T. N. Williamson, ambaye alikuwa hajafikisha umri wa miaka 25. Mwaka 1947, katika matoleo ya Aprili na Mei ya jarida la Wireless World la Uingereza, Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya yake. Wakati ule transista ilikuwa bado haijatangazwa duniani. Amplifaya zilitumia valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zikiwaka wekundu ndani ya redio kubwa za mbao ambazo wazee wetu walizifunika kwa vitambaa vya kufuma.

Tatizo alilolitatua Williamson lilikuwa transfoma ya kutolea sauti. Ukitaka amplifaya ionje mchuzi wake na kuurekebisha, habari ya kosa lazima irudi kwa wakati. Ikichelewa, marekebisho yanageuka kuwa kosa jipya, na amplifaya inaanza kupiga yowe yenyewe. Transfoma za kawaida zilikuwa zinachelewesha habari hiyo. Williamson akabuni transfoma iliyosukwa kwa mafungu mengi yanayopishana, na hapo akaweza kurudisha umeme mwingi nyuma bila yowe. Matokeo yake yalikuwa wati 15 za sauti ambayo upotoshaji wake haukuzidi sehemu moja katika elfu. Kwa mwaka 1947 hicho kilikuwa kipimo cha ajabu.

Lakini kinachonifanya nimtaje leo si kipimo hicho. Ni kwamba aliandika kila kitu. Alitaja valvu zenyewe, thamani ya kila rezista na kila kapasita, na jinsi ya kuisuka transfoma: nyuzi ngapi, katika mafungu mangapi, kwa mpangilio gani. Mtu aliyekuwa na subira na jarida mkononi aliweza kukaa mezani kwake na kutengeneza amplifaya ya kushindana na bora zilizokuwa zikiuzwa madukani. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Chakula kilikuwa bado cha mgao, na wapenzi wa redio walikuwa wakitafuta vipuri katika mabaki ya jeshi. Watu wa hali hiyo ndio waliopewa mchoro huo kwa bei ya jarida.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukiangalie kwa makini. Mchoro ule ulivuka bahari. Marekani makampuni yakaanza kuuza vifurushi vya vipuri vya Williamson, mteja akajiunganishie nyumbani. Mwaka 1951 Wamarekani wawili, David Hafler na Herbert Keroes, wakachapisha njia yao ya kuunganisha valvu na transfoma, na baadaye wakaonyesha jinsi ya kuitumia ndani ya amplifaya ile ile ya Williamson. Mwaka 1969 Mwingereza John Linsley Hood akachapisha, katika jarida lile lile la Wireless World, amplifaya ndogo ya transista nne tu, yenye wati 10. Alipotaka kuwaeleza wasomaji ubora wake, aliilinganisha na amplifaya ya Williamson, miaka 22 baada ya kuchapishwa. Hadi leo kuna watu duniani wanaojenga mchoro wa Linsley Hood majumbani mwao.

Unaona mnyororo huo? Kila mmoja alipokea, akaongeza chake, akakitoa hadharani, na akamtaja aliyemtangulia.

Tuhamie kwenye spika, maana huko ndiko sisi wengi tunakopoteza fedha. Ukienda kwa seremala wa mtaani ukamwambia akutengenezee boksi la spika ya inchi 12, mara nyingi atakuuliza unataka refu au fupi. Ukitaka liwe na tundu, atatoboa tundu linaloonekana zuri kwa macho. Halafu unafika nyumbani, unafungulia muziki, na besi inavuma kama mtu anayepiga debe tupu. Unamlaumu seremala, seremala anailaumu spika, aliyeuza spika anailaumu amplifaya.

Kwa nini spika inahitaji boksi? Spika ni karatasi iliyogundishwa kwenye koili, na koili hiyo inakaa katikati ya sumaku. Umeme wa sauti ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, na karatasi inasukuma hewa. Lakini karatasi inaposukuma hewa ya mbele, wakati huo huo inaivuta hewa ya nyuma. Kwa sauti nene, hewa ya mbele huzunguka na kujaza pengo la nyuma, na vikafutana. Ndiyo maana spika iliyo wazi mezani haina besi. Boksi linaifungia ile hewa ya nyuma isije ikafuta kazi ya mbele.

Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo lililozibwa kabisa inaweza kutumika kama springi ya spika, badala ya kutegemea ugumu wa karatasi na kingo zake. Kabla ya hapo, aliyetaka besi ya kweli alihitaji kabati la kujaza kona ya chumba. Villchur akaipata kutoka kwenye boksi la kuwekwa rafuni.

Boksi lenye tundu lina tabia nyingine. Puliza juu ya mdomo wa chupa, utasikia sauti nene. Hewa iliyo ndani ya shingo ya chupa inatetemeka kwa mwendo wake maalumu. Tundu la boksi la spika hufanya kazi hiyo hiyo. Ukilipatia upana na urefu sahihi, linaisaidia spika pale inapoanza kuchoka, na unapata besi ya chini zaidi. Ukikosea, linavuma noti moja tu, kila wimbo ukasikika kama wimbo mmoja. Kwa miaka mingi hata viwanda vikubwa vilikuwa vikibahatisha: wanakata boksi, wanasikiliza, wanakata tena.

Aliyemaliza kubahatisha huko alikuwa Neville Thiele, mhandisi wa Australia. Mwaka 1961 alichapisha makala akionyesha kwamba spika ndani ya boksi lenye tundu inafuata hesabu zile zile ambazo wahandisi wa umeme walikuwa wakizitumia kwa vichujio, yaani sakiti za kuchambua sauti nene na nyembamba. Hesabu hizo zilikuwa zimekwisha kufanywa. Thiele akapanga jedwali la njia 28 za kulinganisha spika na boksi lake. Makala hiyo ilichapishwa katika jarida la wahandisi wa redio wa Australia, na nje ya nchi hiyo wachache sana waliisoma kwa miaka 10. Mwaka 1971 ikachapishwa upya katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti huko Marekani, na dunia ikaamka. Wakati huo Mmarekani mmoja, Richard Small, alikuwa amekwenda Sydney kusoma, akaichukua kazi ya Thiele akaiendeleza na kuinyoosha, na kati ya mwaka 1972 na 1973 akachapisha makala zake.

Tangu hapo tabia ya spika inaelezwa kwa namba chache zinazobeba majina ya watu hao wawili. Nitazitaja tatu tu. Ya kwanza inaandikwa Fs. Hiyo ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo spika, ikiwa peke yake bila boksi, inapenda kutetemeka. Ya pili ni Vas, ambayo kwa lita inakueleza ni hewa kiasi gani ina ugumu sawa na ugumu wa springi ya spika yenyewe. Ya tatu ni Qts, nayo inaonyesha spika inavyojizuia: ukiigonga, inatulia haraka au inaendelea kutikisika kama gari lisilo na shokomzoba.

Kwa makadirio ya fundi, spika yenye Qts inayokaribia 0.4 inafaa boksi la tundu, na ile inayopita 0.5 ni afadhali iwekwe kwenye boksi lililozibwa. Ukubwa wa boksi unatokana na namba zote tatu kwa pamoja. Kwa hiyo spika mbili za inchi 12, zinazofanana kwa sura na bei, zinaweza kuhitaji maboksi tofauti kabisa, moja la lita 40 na jingine la lita 100. Seremala hana kosa. Hakupewa namba.

Na namba hizo si siri. Viwanda vinavyojiheshimu huzichapisha pamoja na spika. Hata zisipochapishwa, unaweza kuzipima nyumbani kwa njia ambazo watu hao waliziandika bayana. Unapitisha kwenye spika sauti moja baada ya nyingine, kutoka nene kwenda nyembamba, kupitia rezista moja, huku ukisoma mita. Pale ambapo usomaji kwenye spika unapanda juu kuliko kwingine katika zile sauti nene ndipo penye Fs. Siku hizi hata simu ya mkononi inaweza kutoa sauti hizo. Kazi iliyowashinda wenye viwanda mwaka 1950, leo inaweza kufanywa na kijana wa kidato cha nne kwenye meza ya kulia chakula. Hiyo ndiyo maana ya elimu kugawiwa.

Kabla sijarudi nyumbani, nimalizie habari ya Villchur. Huyu alikuwa na hataza ya boksi lake, wapinzani wakaipinga mahakamani, na ilipotenguliwa hakukata rufaa. Aliendelea kuuza spika nzuri na kampuni yake ikastawi. Baadaye akageukia vifaa vya kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu. Vifaa vya wakati ule vilikuza sauti zote kwa mkupuo, kwa hiyo mnong'ono ukasikika kidogo na mlango ukibamizwa ukamtoa mtu machozi. Villchur akatafuta njia ya kukuza sauti ndogo zaidi ya kubwa, na kufanya hivyo mbali kwa sauti nene na mbali kwa sauti nyembamba, kwa kadiri sikio la mhusika lilivyopungukiwa. Mwaka 1973 akayachapisha matokeo yake na hakuyawekea hataza. Njia hiyo ikaja kuwa msingi wa vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa na watu wengi duniani. Babu anayemsikia mjukuu wake leo ana deni kwa mtu aliyeanza na mapenzi ya muziki sebuleni.

Sasa turudi kwetu, ndugu msikilizaji.

Katika mtaa mmoja niliowahi kuishi palikuwa na fundi hodari sana wa amplifaya. Alitengenezea kanisa, alitengenezea madrasa, alitengenezea ukumbi wa harusi. Lakini alikuwa na desturi moja. Kila alipomaliza kazi, alichukua msasa akakwangua namba zote zilizoandikwa juu ya transista na vipande vingine, halafu akamwagia gundi nyeusi juu ya sakiti, ili fundi mwingine akifungua asielewe kitu. Alikuwa na kijana aliyejifunza kwake kwa miaka mitano. Siku moja nikamuuliza kijana huyo kama naye anaweza kuunda amplifaya nzima. Akacheka. Akaniambia, "Kaka, kila tukifika pale penyewe, mzee ananituma sigara."

Yule mzee akaugua na kufariki dunia. Miezi michache baadaye amplifaya ya kanisa ikanyamaza, katika wiki ya Pasaka. Wakampelekea yule kijana, hakuweza. Wakampelekea fundi wa mtaa wa pili, naye akakuta gundi na vipande visivyo na majina. Ikabidi waumini wachangishane upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu vile vile. Mjane wa fundi hakufaidika na siri ile, wala watoto wake, wala kijana aliyetumwa sigara kwa miaka mitano.

Jambo moja lilinikaa moyoni zaidi. Yule fundi wa mtaa wa pili alijitahidi kubandua gundi, akahesabu miguu ya vipande, akafuata nyaya moja baada ya nyingine. Mwisho akaniambia kwamba, kwa anavyoona, haukuwa ubunifu wa marehemu. Ulikuwa mchoro wa kawaida, ule unaochapishwa na kiwanda chenyewe. Maana viwanda vya vipande hivi hutoa karatasi ya maelezo. Chukua mfano wa TDA2030, kipande cha miguu mitano ambacho mafundi wengi wanakifahamu. Karatasi yake ina mchoro kamili wa amplifaya, na thamani ya kila rezista na kila kapasita. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma.

Kwa maneno mengine, marehemu alificha kitu alichopewa bure. Alipokwangua zile namba alikwangua pia majina ya waliomfundisha, toka kwa Black na gazeti lake mpaka kwa mhandisi asiyejulikana aliyeichora karatasi ile. Simlaumu mtu aliyelala kaburini, na Mungu amrehemu. Nalaumu mazoea, na mazoea hayo yapo hai.

Najua jibu la mafundi, kwa sababu wameniambia. Wanasema mpenzi wa sauti ana mshahara wake, anaweza kugawa siri kwa kuwa halali njaa. Fundi akigawa siri, kesho kijana wake anafungua kibanda mkabala na kwake na kushusha bei. Hoja hiyo ina uzito na si vizuri kuidharau. Njaa haina mwalimu.

Lakini tuipime. Wateja waliokuja kwa marehemu hawakuja kununua namba ya transista. Walikuja kununua mkono usiotetemeka, uaminifu wa kutobadilisha kipuri kizima kwa kibovu, na uhakika kwamba kazi itakwisha Jumamosi kama alivyoahidi. Vitu hivyo havikwanguliki na msasa wala haviibiki. Williamson aliutoa mchoro wake, na walioishi kwa mchoro huo walikuwa wengi: wasuka transfoma, wauza vifurushi, waandishi wa majarida, mafundi wa kutengeneza zilizoharibika. Mchoro uliotolewa ulizaa kazi, ule uliofunikwa kwa gundi uliishia jalalani.

Hata sheria ya hataza, ambayo wengi wanadhani ni sheria ya kuficha, ni kinyume chake. Serikali inamwambia mgunduzi: eleza hadharani kitu chako kinavyofanya kazi, nasi tutakulinda kwa miaka fulani. Muda ukiisha, ni cha wote. Anayetaka kulindwa lazima aseme. Mficha uchi hazai.

Basi shukrani ya kweli kwa watu hawa ni ipi? Wengi wao wamefariki. Williamson alituacha mwaka 1992, Villchur mwaka 2011, Thiele mwaka 2012. Hawahitaji zawadi wala hotuba. Kwa mtu anayeunda vyombo nyumbani, nadhani shukrani inaanza kwa kumtaja. Rafiki akisifia spika zako, usikae kimya ukapokea sifa zote. Mwambie boksi hili nililipata kwa hesabu ya fulani, na mchoro huu nilipewa na fulani wa mtaa wa pili. Halafu andika ulichokifanya, pamoja na kilichoungua. Anayemweleza mwenzake kwamba kapasita ya thamani fulani iliungua amemwokolea fedha kuliko anayemweleza mafanikio peke yake.

Kwa fundi anayekula kwa kazi hii, namwomba jambo dogo. Redio nyingi za zamani zilikuwa na karatasi iliyobandikwa ndani, ikionyesha kila valvu inakaa wapi. Kiwanda hakikufilisika kwa karatasi hiyo. Weka na wewe karatasi ndani ya mfuniko: tarehe, jina lako, mchoro, na vipuri ulivyotumia. Fundi atakayeifungua baada ya miaka 15 atakusoma. Huenda akawa mwanao.

Na kwa wewe mteja, unayo nguvu kuliko unavyodhani. Unapoagiza amplifaya ya msikiti, ya kanisa, ya shule au ya kikundi cha taarabu, sema mapema kwamba unataka na mchoro wake, na kwamba namba zisiguswe. Ukinunua spika, uliza Fs, Vas na Qts. Muuzaji akikutolea macho, muulize tena juma lijalo. Wakija wateja kumi wenye swali hilo, atazitafuta.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwingereza wa mwaka 1947 aliyekuwa akila mkate wa mgao alitoa. Sisi tunaopokea mpaka leo hatuna udhuru wa kushika msasa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.